Mbege Isiyoonjwa

Gerezani, Moshi
10 Machi 2024

Kaka Gidioni,

Watu wakiandikiana barua huulizana kwanza kama ni wazima, halafu wanaendelea na mengine. Mimi leo nauliza nikitaka jibu. U mzima? Nani amekupima akakwambia?

Usicheke kwanza. Wiki iliyopita nilipigana. Kuna jamaa wa selo yetu alimwaga maji yangu ya kuoga makusudi, akaniita mkata mikono. Nikampiga ngumi ya taya, nikamwongeza nyingine, na alipoanguka nikampanda kifuani. Nilitaka kumuua, kaka, sikufichi. Mara nikaona damu inamwagika usoni kwake, nikafurahi, nikajua nimempasua. Kumbe ni yangu. Ilikuwa inatoka puani mwangu kama bomba lililopasuka, na yeye hajanigusa hata kwa ukucha. Kichwa kilikuwa kinagonga, macho yanaona giza.

Askari walinitandika virungu, kisha wakanipeleka kwa daktari wa gereza. Akanifunga ule mpira mkononi, akapima. Akaufungua, akanifunga mkono wa pili. Akamwita mwenzake aje aone. Ni presha, kaka. Akasema kwa presha ile nilitakiwa niwe nimeshaanguka zamani. Mimi huyuhuyu ninayebeba magogo ya kuni za jikoni bila kupumzika.

Akaniuliza, kwenu nani aliwahi kuanguka ghafla? Nikamjibu hakuna, ila baba yetu alitiliwa sumu. Akasema, nielezee hiyo sumu. Nikamweleza. Mzee Ebenezeri aliamka analalamika kichwa, pua inatoka damu, mchana akaenda kwa mdogo wake Filemon kunywa mbege. Akapokea kata, akanywa, akasimama kwenda kujisaidia, mdomo ukapinda, akaanguka. Jioni akafa. Daktari akauliza, na babu yenu je? Babu alianguka njiani akitoka gulioni, nasi tukasema amerogwa. Niliposema hivyo nilijisikia ninachokisema, kaka, na daktari alikuwa ananiangalia tu.

Hospitali walitaka kuuchunguza mwili wa baba, tukakataa, tukasema mzee wetu hapasuliwi kama mbuzi. Muuaji tulikuwa tumeshamjua. Siku ya maziko nikamfuata baba mdogo na panga pale kwenye masale, ile mimea ya mpakani. Nililenga kichwa. Aliinua mkono wa kulia kujikinga, ndio ulioanguka kwenye majani, na wewe ulikuwa nyuma yangu ukisema, "Maliza!"

Naomba mambo mawili. Kwanza, nenda kapimwe. Kila jioni ukiongoza wageni mlimani unawabana kile kidude cha kidoleni cha kupima hewa, na ukiona mtu hali yake si nzuri unamshusha, hata akilia na pesa zake. Wewe nani anakushusha? Pili, kata jani la isale kwenye ule mpaka, umpelekee baba mdogo kwa niaba yangu. Humu gerezani hakuna isale, na kwetu mtu aliyemwaga damu haombi msamaha kwa mdomo mtupu.

Mdogo wako,
Sifael


Mwika
24 Machi 2024

Sifael,

Shemeji yako Tabitha ameniletea barua yako aliporudi kutoka kukutembelea. Nimeisoma nikitafuta ni wapi hasa hicho kirungu kilikupiga, maana akili imekutoka yote.

Presha! Kwa hiyo baba yetu, aliyekuwa anapanda na gunia la kahawa begani huku anapiga mluzi, alikufa kwa ugonjwa wa akina mama wa kwaya. Na mimi ninayembeba Mjerumani mzima mgongoni kutoka Kibo, niende nikakae kwenye benchi la kliniki na wajawazito, nisubiri kufungwa mpira? Mwanaume anaenda hospitali akiwa amebebwa. Anayejipeleka kwa miguu yake anatafuta cha kuumwa.

Pua yangu imetoka damu, ndiyo, mara mbili tatu, kule juu. Ni baridi na ule upepo mkavu. Tabitha naye alianza wimbo wako huohuo, nenda kapimwe, nenda kapimwe, nikampiga kibao akanyamaza. Nikiumwa kichwa nameza vidonge viwili vya dukani, asubuhi yake niko mlimani.

Sasa nikuulize na mimi. Ulikuwepo siku ile. Mwenyeji ndiye anayeonja mbege kwanza, ndipo anampa mgeni kata. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo. Ndivyo mtu anavyoonyesha hakutia kitu. Filemon hakuonja. Alimpa baba kata kavukavu mbele ya wanaume wote. Alipoulizwa akasema ana kikohozi. Nani alimsikia akikohoa? Wewe ulimsikia? Mwambie daktari wako atafute dawa ya hilo.

Jani la isale nilikata kweli, nikalitupa zizini ng'ombe walikanyage. Filemon anapita hapo mpakani kila siku na kigutu chake, ananiangalia kama yeye ndiye aliyefiwa. Wewe kazi uliifanya nusu. Mimi nashuka na wageni mwishoni mwa Aprili, na nikishuka nitakuwa na nafasi. Zaidi ya hapo siandiki, barua zenu zinasomwa.

Kaka yako,
Gidioni


Gerezani, Moshi
7 Aprili 2024

Baba mdogo Filemon, shikamoo.

Najua ukiona jina langu hapo chini utataka kuitupa barua hii motoni. Itupe, lakini isome kwanza.

Nimepimwa humu ndani nikakutwa na presha ya kutisha. Tangu hapo silali. Namwona baba anavyoanguka, halafu nauona mkono wako, na siku hizi vyote viwili vinakuja pamoja. Nimeomba isale iletwe kwako, haikuletwa. Kwa hiyo sina cha kukupa, nina swali tu, na naliuliza kwa adabu yote iliyobaki kwangu. Kwa nini siku ile hukuonja?

Kama ulitia kitu, nijibu tu ulitia. Nitamaliza kifungo changu nikijua. Lakini kama hukutia, baba mdogo, niandikie upesi, kwa sababu Gidioni anashuka mlimani mwisho wa mwezi, na mimi namjua kaka yangu anaposema atakuwa na nafasi. Siku hizo usikae peke yako.

Mimi niliyekukata,
Sifael


Mwika
15 Aprili 2024

Sifael mwanangu, marahaba.

Mwandiko ni mbaya. Sababu unaijua.

Nina hasira na wewe, usije ukadhani uzee umenifanya malaika. Kila asubuhi nikishindwa kufunga vifungo vya shati nakutaja kwa jina, na si kwenye sala. Ng'ombe anakamuliwa na mama yako mdogo, mimi nasimama pembeni nashikilia kamba. Hayo uyajue.

Swali lako nitalijibu. Mahakamani waliniuliza habari za panga, habari za mbege hawakuuliza, na huku nyumbani hakuna aliyeuliza, kila mtu alikuwa na jibu lake tayari.

Mwaka ule kabla ya msiba nilimpeleka mama yako mdogo hospitali mjini, goti linamsumbua. Nesi alipomaliza kumpima akaniambia, na wewe mzee, lete mkono. Niliona aibu kukataa mbele ya wanawake, nikatoa. Presha ikaonekana iko juu mno. Wakanipa vidonge vya kumeza kila siku, wakaniambia pombe niache kabisa na chumvi nipunguze. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeiba. Vidonge nikavificha kwenye kopo la ulezi. Nilijua pale kwenye mbege watasema nini, maana mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa bingwa wa kuyasema. Fulani amekwisha, fulani siku hizi analishwa na manesi. Tukicheka mpaka machozi.

Baba yako alipofika siku ile aliniambia taratibu kwamba kichwa kinampasuka na pua imetoka damu. Nilijua, Sifael. Nilijua palepale ni kitu gani. Maneno yalinifika kooni: kaka, hata mimi ninayo, inuka twende ukapimwe. Lakini wanaume walikuwa wamejaa uani, wanacheka, wananisubiri nionje. Nikashindwa. Nikasema nina kikohozi, nikampa kata.

Sumu sikutia. Nilinyamaza tu, nikaona haya kusema mbele ya wanaume kwamba nimepimwa, na kaka yangu akafa uani kwangu. Nawe ulipokuja na panga, kuna kitu ndani yangu kilisema huyu ana haki ya kukasirika, ingawa kwa sababu nyingine. Ndiyo maana nilichelewa kukimbia.

Ukiniletea isale sijui kama nitaipokea. Sitaki kukudanganya. Lakini kaka yako namwona akipita hapa, mishipa ya kichwa imemsimama vilevile kama ya baba yake. Mwambie aende. Mimi hanisikilizi.

Baba yako mdogo,
Filemon


Gerezani, Moshi
21 Aprili 2024

Kaka Gidioni,

Nampa Tabitha barua hii pamoja na ile ya baba mdogo. Isome kwanza ya kwake. Tazama mwandiko ulivyo, halafu ukumbuke aliyeufanya uwe hivyo ni mimi, na aliyenisukuma ni wewe.

Hakuonja kwa sababu alikuwa mgonjwa na anaona haya. Basi, hakuna kingine. Aibu ileile aliyokuwa nayo yeye ndiyo uliyo nayo wewe, umeivalisha tu koti la mlimani. Wewe kila siku unamdharau mgeni anayeficha kichwa kinachomuuma ili asishushwe, unasema huyo mjinga atakufa. Kaka, wewe ndiye huyo mgeni.

Sikuombi umpende baba mdogo. Nakuomba uende ukapimwe. Ukitoka hapo, kama bado unataka kumuua, nenda ukamuue ukiwa umepimwa.

Nakuomba kwa jina la mama yetu. Nimeshazika baba, nimeshamkata mkono mdogo wake. Wewe ukienda na mimi niko humu ndani, sitakuwa na mtu wa kumrudia.

Sifael


Mwika
2 Mei 2024

Shemeji Sifael,

Kaka yako yuko hai. Nakwambia hilo kwanza ndipo usome mengine.

Alishuka mlimani Jumamosi, macho mekundu, hataki kula. Barua nilizificha mpaka Jumapili tuliporudi ibadani, nikampa zote mbili akiwa ameketi jikoni. Akazisoma. Nikaona midomo inamcheza, nikadhani zimemwingia. Alipomaliza akazichana, akasema, "Sasa Filemon ameanza kumlaghai na mdogo wangu kwa barua," akachomoa panga pale juu. Nilimshika shati. Alinipiga na ubapa wa panga begani, mpaka leo siinui ndoo.

Mvua ilikuwa inanyesha. Aliingia shambani kwa baba mdogo anafyeka kila kitu, migomba yenye mikungu, kahawa, anafyeka anatukana. Vijana wakaanza kumfuata, Lucky akiwa mbele, yule mpagazi wake. Hakuna aliyemzuia. Walikuja kuangalia.

Baba mdogo alitoka mlangoni hana kitu mkononi. Gidioni alimpiga teke la tumbo, akamrukia, akampiga ngumi za uso mpaka nikasikia meno. Mama mdogo alikuwa anapiga mayowe. Baba mdogo, damu imemjaa mdomoni, alikuwa anasema neno mojamoja: "Kapimwe. Mwanangu. Kapimwe." Na kila akisema, kaka yako anapiga zaidi. Kisha akasimama, akamvuta kwa ukosi mpaka kwenye masale, palepale ulipomkatia wewe. Akainua panga.

Panga likadondoka, shemeji. Mkono ulikuwa bado uko juu lakini vidole vimeachia. Akauangalia mkono wake kama si wake. Alitaka kusema kitu, mdomo ukaenda upande, akaanguka juu ya masale kifudifudi.

Nilidhani nimeona mabaya yote. Lucky akapiga kelele, "Wa tatu! Babu, baba, na sasa amemmaliza wa tatu!" Basi, wakawa kama nyuki. Mtu hakuuliza nani alikuwa anampiga nani. Walimkanyaga yule mzee aliyelala, mmoja akaleta mafuta ya taa. Walianza na banda la ng'ombe, na zile nyasi kavu za ndani zikashika mara moja. Ng'ombe wa mama mdogo alikuwa amefungwa ndani. Ule mlio sitausahau nikizikwa. Halafu wakambeba baba mdogo, wanampeleka kwenye moto.

Sikujua niseme nini. Kusema hakutia sumu, nani angesikia? Nikamrukia Lucky, nikamshika masikio yote mawili, nikamgeuza amwangalie Gidioni. Nikamwambia, "Lucky! Huyu ni mgeni wako, uko naye Kibo, ameanguka hivi. Unafanya nini?"

Akanitazama. Nikamuuliza tena kwa nguvu, "Unafanya nini?"

Akasema, "Tunashusha, dada."

"Basi mshushe!"

Nakuapia shemeji, sauti yake ilibadilika. Akaanza kuwaamrisha wenzake kama anavyofundishwa mlimani. Miti miwili, blanketi, mlaze kwa ubavu asije kutapika akapaliwa. Baba mdogo wakamwacha kwenye tope. Blanketi lilitoka kitandani kwake, na yeye mwenyewe alikuwa analionyesha kwa kigutu, anasema, lile zito, lile zito halichaniki. Walikimbia naye mpaka barabarani, mvua inawapiga, wanapokezana. Waliotaka kumchoma baba mdogo ndio waliombeba kaka yako.

Hospitali wamesema ni kiharusi cha presha, na presha hiyo ameishi nayo muda mrefu. Upande wa kulia umekufa. Maneno hayatoki. Daktari alipouliza habari za ukoo, mimi nilimsimulia yote, babu, baba, wewe, baba mdogo. Akasema wanaume wote wa ukoo huu waje wapimwe, na hao vijana waliokuwa wamekaa kwenye korido na tope lao akasema nao waje. Wakapimwa wale wawili watatu waliobaki. Lucky alikimbia.

Baba mdogo amelazwa wodi hiyohiyo, mbavu zimevunjika. Vitanda vyao vinatazamana.

Mimi shemeji yako,
Tabitha


Mwika
18 Agosti 2024

Sifael,

Mwandiko mbaya. Sababu Tabitha amekwambia.

Barua hii nimeianza wiki nyingi zilizopita. Maneno yamerudi, si yote. Mkono wa kulia haujarudi, daktari anasema huenda usirudi. Mguu naburuta. Mlima nauona kutoka uani asubuhi kukiwa hakuna wingu, nageuza kiti.

Nilikuwa namezeshwa vidonge. Sasa nameza mwenyewe. Kopo liko mezani, kila anayeingia analiona. Wanaume wakija kunitazama nawaambia hii ni ya presha, umepima? Wengine wanacheka, kama nilivyocheka. Lucky alikuwa hataki kuja kabisa. Nilimtumia salamu, nikifa kabla hajaja atajisikiaje. Akaja, nikamtazama, nikamwambia hutabeba mzigo wa mgeni yeyote kabla hujafungwa ule mpira wa kupima presha. Alikwenda na Tabitha. Yake iko juu. Mtoto wa miaka ishirini na saba.

Tabitha nimemwomba radhi kwa kibao na kwa panga. Amesema anafikiria. Ana haki.

Baba mdogo ndiye anayenifundisha kuandika. Nilianza kuandika nikashindwa, nikatupa kalamu, nikalia. Alikuwa anapita mpakani, akanisikia. Aliingia, akaokota kalamu. Akaniambia karatasi iinamishe upande huu, kalamu usiibane, herufi zifanye kubwa usione haya. Anakuja kila jioni. Hapa ninapoandika amekaa pembeni, ananiambia neno "presha" nimeruka herufi. Meno ya mbele hana, niliyatoa mimi. Ng'ombe wangu mmoja yuko zizini kwake. Haitoshi, najua.

Jana nilijikokota mpaka kwenye masale. Nilikata majani mawili, moja langu, moja lako, nikaenda nayo mpaka mlangoni kwake. Mama mdogo aliponiona akaingia ndani, hakutaka kutazama. Baba mdogo alisimama. La kwangu alilipokea upesi. La kwako aliliangalia, hakulishika.

Akasema, "Isale hailetwi kwa mkono wa kushoto, Gidioni. Hayo ni matusi."

Nikamwambia, "Baba mdogo, wa kulia haunyanyuki."

Akatazama mkono wangu, akatazama kigutu chake. Akanyoosha mkono wa kushoto, akalipokea.

Kaka yako,
Gidioni